Mgeni Kwenye Meza ya Wafaransa: Historia ya Adabu za Dhifa

Katika nyumba za Ufaransa zinazoshika bado utaratibu wa zamani wa dhifa ya jioni, mgeni hutarajiwa kuweka mikono yake yote miwili juu ya meza huku viwiko vikibaki nje, kumega mkate kwa vidole badala ya kuukata kwa kisu, kuyakunja majani ya saladi bila kuyakatakata, kungoja mama mwenye nyumba aanze kula, na kutojimiminia divai mwenyewe. Anayekutana na kanuni hizo kwa mara ya kwanza huziona kama mitego iliyotegwa ili kumwaibisha, na ni kweli kwamba zipo nyakati zilipotumiwa kwa lengo hilo hasa. Hata hivyo, mtu akizifuatilia moja moja hadi chimbuko lake atakuta kwamba nyingi zilizaliwa na jambo la kawaida kabisa, nalo ni watu wengi kula katika chombo kimoja, kila mmoja akiwa na haki ya kutochefuliwa na mkono wa jirani yake. Chombo hicho cha pamoja kiliondoka mezani hatua kwa hatua kwa muda wa karne tatu, lakini kanuni kilizozizaa zilibaki, zikapata maana mpya kila utawala na kila tabaka lilipozirithi.

Hadi mwishoni mwa Zama za Kati, yaani karne ya 15, nyumba nyingi za Ufaransa, zikiwemo za makabaila, hazikuwa na chumba mahsusi cha kulia wala meza ya kudumu. Saa ya chakula ilipofika, watumishi walileta mbao ndefu, wakazilaza juu ya miguu ya kuhamishika na kuzitandika kitambaa, na karamu ilipokwisha vyote viliondolewa ili ukumbi utumike kwa shughuli nyingine. Mara nyingi wageni wa heshima walikaa upande mmoja tu wa meza, upande wa pili ukiachwa wazi kwa watumishi. Sahani ya mtu binafsi haikuwa kitu cha kawaida. Badala yake mtu mmoja, au watu wawili kwa pamoja, waliwekewa kipande kinene cha mkate uliolala, ambacho Wafaransa walikiita tranchoir, na juu yake wakaweka nyama waliyoichukua kwenye sinia la wote. Mkate huo ulinyonya mchuzi, na baada ya karamu uliweza kugawiwa maskini. Kisu mgeni alikuja nacho mwenyewe, kijiko kilitumika kwa vitu vya majimaji, kikombe kilipita mkononi mwa mtu mmoja hadi mwingine, na kazi yote iliyobaki ilikuwa ya vidole. Kwa sababu hiyo kunawa mikono mbele ya hadhara, mtumishi mmoja akimimina maji kutoka kwenye birika na mwingine akishika beseni na taulo, kulikuwa na umuhimu mkubwa, kwa maana kulimhakikishia kila aliyeketi kwamba mkono utakaoingia katika bakuli lake umeonekana ukioshwa.

Kitabu kilichoyapa mazoea hayo mfumo kiliandikwa na Desiderius Erasmus, mwanazuoni mzaliwa wa Rotterdam, na kilichapishwa kwa Kilatini mjini Basel mwaka 1530 kwa jina la *De civilitate morum puerilium*, yaani kitabu kuhusu adabu njema za watoto. Erasmus alikiandika kwa ajili ya kijana wa kikabaila, Henri wa Burgundy, lakini alikusudia kiwafae watoto wote, na kwa hakika kilisomwa na watu wa kila namna, kikachapishwa tena na tena na kutafsiriwa katika lugha nyingi, Kifaransa kikiwemo kabla ya mwisho wa muongo huohuo. Sura yake ya karamu ingali inasomeka kwa faida. Humo mtoto anaelekezwa asiwe wa kwanza kupeleka mkono kwenye sinia, asiligeuze sinia ili kipande kinono kije upande wake, asichovye tena katika mchuzi mkate alioumega kwa meno, asirambe vidole wala kuvifuta kwenye nguo ilhali kuna kitambaa cha kufutia, na afute mdomo kabla ya kunywa katika kikombe cha wote. Aketipo, anaambiwa aweke mikono yote miwili juu ya meza, bila kuifumbata wala kuilaza kwenye sahani. Agizo hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo hilohilo ambalo mtoto wa Kifaransa bado huambiwa na mama yake, wakati jirani yake Mwingereza hufundishwa kuweka mikono mapajani asipokuwa anakula. Kinachovutia zaidi ni msingi wa mafundisho hayo, maana Erasmus aliamini kwamba mwili ni kioo cha roho, na kwamba mtu hawezi kujichagulia wazazi wala nchi ya kuzaliwa lakini anaweza kujijengea tabia. Ndiyo sababu adabu aliyoifundisha ilikuwa wazi kwa mtoto wa yeyote, jambo ambalo waandishi wengi waliomfuata walilisahau.

Uma ulichelewa kufika. Uma mkubwa wa meno mawili, wa kushikilia nyama wakati wa kuikata, ulijulikana jikoni tangu zamani; uma mdogo wa kupelekea chakula mdomoni ulizoeleka kwanza Italia, na Wafaransa waliutazama kwa shaka kwa muda mrefu. Masimulizi mashuhuri hudai kwamba uliletwa na Catherine de' Medici, aliyetoka Florence kuolewa na mwana wa mfalme wa Ufaransa mwaka 1533, akifuatana na wapishi waliowafundisha Wafaransa kula kistaarabu. Wanahistoria wa leo hawayakubali, kwani bibi harusi huyo alikuwa na umri wa miaka 14 tu, na sifa hizo alibebeshwa na waandishi wa vizazi vya baadaye sana. Kinachoweza kuthibitishwa ni kwamba mwanawe, mfalme Henri III, alipita Venice mwaka 1574 akirejea kutoka Poland, na kwamba matumizi ya uma katika ikulu yake yalikejeliwa katika kitabu cha mwaka 1605 kiitwacho *L'Isle des Hermaphrodites*, ambamo watu wa ikulu wanaonyeshwa wakihangaika kupeleka chakula mdomoni na kukiangusha njiani. Naye Michel de Montaigne, bwana mwenye ardhi na elimu, alikiri katika insha zake za mwaka 1588 kwamba kijiko na uma havimsaidii sana, na kwamba kwa haraka yake ya kula wakati mwingine hujiuma vidole.

Hata katika ikulu ya Versailles, ambako Louis XIV alihamishia makao ya utawala wake mwaka 1682, uma haukuwa umeshinda. Mfalme alikula chakula chake cha usiku, kiasi cha saa 4, katika hafla iliyoitwa grand couvert, yaani mlo wa hadhara, jamaa zake wa damu wakiwa wamekaa naye mezani, mabibi wenye cheo cha juu wakikalia vigoda visivyo na egemeo, na watu wengine wote wakitazama wakiwa wamesimama. Shemeji yake Elisabeth Charlotte, binti wa kifalme aliyetoka Ujerumani kuolewa na mdogo wa mfalme, anasimulia katika barua zake kwamba wajukuu wa mfalme walikuwa wamefundishwa na mlezi wao kula kwa uma, lakini walipokubaliwa kuketi mezani kwa babu yao aliwakataza, kwa kuwa mwenyewe alikula kwa kisu na vidole maisha yake yote. Mtu aliyezoea kufikiri kwamba adabu hushuka tu kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo ataliona tukio hilo kuwa la ajabu, lakini linaonyesha kwamba wakati huo vitabu na walezi walikuwa wamekwisha kumpita mfalme.

Vitabu hivyo viliongozwa na *Nouveau traité de la civilité* cha Antoine de Courtin, mwanadiplomasia, kilichotoka mwaka 1671 kwa ajili ya wasomaji waliotaka kuzijua desturi za watu wa juu. Courtin anaandika kama mtu aliyekaa mezani akitazama mikono ya wenzake. Anaonya kwamba anayegusa kwa vidole kitu chenye mafuta, mchuzi au asali hujitumbukiza katika aibu nyingine mbili au tatu, kwa sababu atalazimika ama kufuta vidole kila mara kwenye kitambaa chake mpaka kifanane na tambara la jikoni, ama kuvifuta kwenye mkate, ama kuviramba, na hilo la mwisho ndilo analoliona baya kuliko yote. Anaagiza pia kwamba aliyekwisha kutumia kijiko chake akifute kabla ya kukirudisha katika bakuli la pamoja, maana wapo watu wepesi wa kuchefuka wasioweza kunywa supu iliyoingiliwa na kijiko kilichotoka mdomoni mwa mwingine. Katika sentensi hiyo moja mpito mzima unaonekana, kwani bakuli la wote lingali mezani, lakini walaji wameanza kulionea kinyaa. Kizazi kimoja baadaye, mwaka 1703, padri Jean-Baptiste de La Salle, mwanzilishi wa shirika la mabruda waliofundisha watoto wa maskini, alitoa kitabu chake cha adabu za Kikristo, ambamo kula bila kitambaa, sahani, kisu, kijiko na uma kunahesabiwa kuwa kinyume kabisa cha adabu. Kwa kuwa kitabu hicho kilitumika shuleni kama kitabu cha kujifunzia kusoma, watoto ambao huenda hawakuwahi kuona uma wa fedha walijifunza herufi na kanuni za mezani kwa wakati mmoja.

Karne ya 18 ilileta chumba cha kulia kilichotengwa kwa kazi hiyo pekee, vyombo vya kauri kutoka kiwanda cha mfalme cha Sèvres, na ukamilifu wa namna ya kuandaa inayojulikana kama service à la française, yaani mpango wa Kifaransa. Katika mpango huo vyakula havikuletwa kimoja kimoja, bali sahani nyingi ziliwekwa mezani kwa pamoja kwa ulinganifu mkamilifu, zikakaa hapo kwa muda, kisha zikaondolewa zote na kupisha awamu nyingine, na kwa kawaida awamu zilikuwa tatu. Mgeni hakutarajiwa kuonja kila kitu. Alikula kilichokuwa karibu naye, na alipotaka cha mbali alimwomba jirani au mtumishi, hivyo adabu yake ilipimwa kwa namna alivyowahudumia wenzake wa kushoto na kulia, alivyojizuia kunyoosha mkono mbele ya uso wa mtu, na alivyoacha kipande kizuri kiende kwa mwingine. Chakula kilipoa, hilo halina ubishi, lakini watu walisemezana.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliivunja ikulu na kuwatawanya makabaila waliokuwa kielelezo cha mwenendo huo. Wenye fedha baada ya hapo walikuwa wafanyabiashara, mawakili na wazabuni wa jeshi, watu walioweza kununua nyumba na vyombo vya makabaila bila kujua jinsi ya kumwalika mtu wala ya kualikwa. Pengo hilo lilizibwa na Alexandre Balthazar Laurent Grimod de La Reynière, aliyezaliwa mwaka 1758 katika familia ya watoza kodi matajiri. Alizaliwa na mikono yenye ulemavu, akatengenezewa viungo vya bandia, na kwa viungo hivyo akajifunza kuandika na kula; inastahili heshima ya pekee kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyetunga mafundisho ya kina kuhusu ukataji wa nyama mezani, kazi ambayo zama hizo ilihesabiwa kuwa wajibu wa mwenyeji aliyelelewa vizuri. Almanaki yake ya walaji, *Almanach des gourmands*, ilitoka kwa mabuku manane kati ya mwaka 1803 na 1812, na mwaka 1808 aliongeza *Manuel des amphitryons*, mwongozo wa wenyeji, wenye sehemu moja ya ukataji wa nyama, nyingine ya mipango ya vyakula, na ya tatu ya adabu baina ya mwenyeji na mgeni.

Sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyobadilisha historia hii, kwa kuwa Grimod aliuchukulia mwaliko kama mkataba. Mwenyeji anayealika hujifunga, na mgeni anayekubali hujifunga vilevile, asiweze kujiondoa isipokuwa kwa sababu nzito. Saa yenyewe ilikuwa na sarufi yake, ambayo Grimod aliifafanua kwa usahihi mkubwa: mwaliko uliotaja saa 11 jioni tu ulimaanisha saa 12, uliosema saa 11 kamili ulimaanisha saa 11 na nusu, na uliosema saa 11 kamili kabisa ndio uliomaanisha saa 11 yenyewe. Kutoka katika ulegevu huo wa saa hadi desturi ya sasa, inayomtaka mgeni wa nyumbani afike kama robo saa baada ya wakati uliotajwa ili asimkute mwenyeji bado anahangaika jikoni, hakuna umbali mkubwa. Jean Anthelme Brillat-Savarin, jaji aliyechapisha kitabu chake cha falsafa ya ladha mwishoni mwa mwaka 1825, miezi michache kabla ya kufa kwake, aliliona suala hilo kwa ukali zaidi, akaweka kushika wakati kuwa sifa ya lazima ya mpishi na ya mgeni pia, na kufundisha kwamba kumngoja mno aliyechelewa ni kuwakosea wote waliokwisha kufika. Yeye ndiye pia aliyelaani desturi iliyokuwa imeenea wakati wake, ya kuwawekea wageni bakuli la maji mwisho wa mlo ili kila mmoja asukutue kinywa na kutema mbele ya wenzake. Bakuli la kuoshea vidole lilisalimika, usukutuaji ukatoweka.

Badiliko kubwa la karne ya 19 lilihusu mpangilio wa huduma. Desturi humtaja Alexandre Kourakine, balozi wa Urusi mjini Paris kuanzia mwaka 1808, kuwa ndiye aliyewaonyesha Wafaransa mpango wa Kirusi, ambao katika miongo iliyofuata ulitetewa na mpishi Urbain Dubois hadi ukashinda. Katika mpango huu chakula hukatwa jikoni, huletwa kimoja baada ya kingine kikiwa moto, na hupitishwa kwa kila mgeni kutoka upande wake wa kushoto. Nafasi iliyoachwa katikati ya meza ilijazwa maua, na mbele ya kila mtu zikapangwa nyuma, visu na glasi kadhaa, kila kimoja kwa chakula au kinywaji chake, vya nje vikitumika kwanza. Mgeni alipoteza hiari ya kuchagua, akapewa badala yake wajibu wa kwenda sawa na mwendo wa meza nzima, maana anayekula polepole huwachelewesha wote na anayekula upesi humtia mwenyeji wasiwasi. Vyombo vingi kiasi hicho vilihitaji fedha nyingi, na hapo ndipo Charles Christofle alipofanikiwa, kwa sababu mwaka 1842 alipata haki za kupaka madini ya fedha kwa umeme juu ya metali ya bei nafuu, na kwa njia hiyo familia za wastani ziliweza kuandaa meza iliyong'aa kama ya kabaila. Wafaransa huziweka nyuma zao zikiwa zimeinamisha meno kuelekea kitambaani, tofauti na Waingereza, na maelezo ya kawaida ni kwamba mafundi wao walichonga nembo ya ukoo mgongoni mwa mpini, nayo ilipaswa kuonekana. Katazo la kukata saladi lilitokana pia na madini, kwani siki ilichafua bamba la kisu na kulitia weusi. Visu visivyoshika kutu vimeondoa sababu hiyo, ila mgeni mwangalifu bado huyakunja majani kwa uma na kisu mpaka yaingie mdomoni.

Mwaka 1889 Blanche Soyer, mwanamke asiye na ukabaila wowote aliyejipa jina la Baronne Staffe, alichapisha *Usages du monde*, kitabu kilichorudiwa mara nyingi mno na kuingia katika nyumba za watumishi wa serikali, walimu na wenye maduka wa Jamhuri ya Tatu. Katika vitabu vya aina hiyo dhifa huanza siku nyingi kabla ya meza kutandikwa, kwa kuwa mwaliko hujibiwa bila kukawia, na huisha siku nyingi baada ya wageni kuondoka, kwa kuwa mgeni alidaiwa ziara ya shukrani ndani ya siku nane, iliyoitwa visite de digestion, yaani ziara ya mmeng'enyo. Katikati yake palikuwa na mpangilio wa kukaa unaodumu hadi leo: mwenyeji na mkewe hukaa wakitazamana katikati ya pande ndefu za meza, mgeni mwanamke wa heshima huwekwa kuliani kwa mume na mgeni mwanamume wa heshima kuliani kwa mke, na wanandoa hutenganishwa ili kila mmoja azungumze na mtu asiyelala naye nyumba moja. Mkate hukaa juu ya kitambaa cha meza bila kisahani chake. Mtu hachukui jibini mara ya pili, na kama ni jibini la Brie hakati ncha yake, kwa sababu ncha ndiyo sehemu nzuri kuliko zote na kuichukua peke yake ni kuwapunja wanaofuata. Hilo ni agizo la Erasmus kuhusu sinia lisilogeuzwa, likiwa limehamia kwenye ubao wa jibini, ambao ni chombo cha pamoja cha mwisho kilichobaki kwenye meza ya Kifaransa. Mlo ukiisha, kitambaa cha kulia huachwa kando ya sahani bila kukunjwa, maana anayekikunja anaashiria kwamba atarudi kukitumia tena.

Karne ya 20, pamoja na vita vyake viwili na kutoweka kwa watumishi wa nyumbani katika familia nyingi, ilipunguza idadi ya vyakula, ikafuta ziara ya mmeng'enyo na kuweka mahali pake barua au simu ya asubuhi, na kuhalalisha maneno ya kutakiana hamu njema ya kula, ambayo wakali wa adabu bado hawayatamki kwenye dhifa rasmi. Mwaka 1939 mwanasosholojia Norbert Elias, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alichapisha mjini Basel, mji uleule wa kitabu cha Erasmus, uchunguzi wake kuhusu maendeleo ya ustaarabu, akitumia Erasmus, Courtin na La Salle kuonyesha jinsi kiwango cha kinyaa na haya kilivyopanda Ulaya kizazi hadi kizazi. Kitabu hicho hakikusomwa sana mpaka miongo mitatu ilipopita, na tangu hapo sentensi ndogo kuhusu kijiko kinachofutwa imekuwa ushahidi wa kihistoria unaorejelewa na wanazuoni wa nchi nyingi.

Serikali ya Ufaransa ilipotaka mlo wake utambuliwe na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ombi lilifikishwa mbele ya kamati ya kulinda urithi wa utamaduni usioshikika iliyokutana Nairobi mwezi Novemba 2010, na hapo Kenya ndipo lilipokubaliwa. Kilichoandikishwa hakikuwa mapishi ya hoteli kubwa wala orodha ya vyakula mashuhuri. Kamati iliandikisha mlo wa sherehe ambao jamaa na marafiki hukusanyika kuula panapotokea uzazi, harusi au siku ya kuzaliwa, wenye kinywaji cha kufungulia, chakula cha kwanza, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, kitamutamu na kinywaji cha kufungia, huku uteuzi wa vyakula vinavyopatana na divai, upambaji wa meza, na ishara za kunusa na kuonja zikitajwa kuwa sehemu ya urithi wenyewe.